Maji Yanakopita

Mvua ya kwanza ya msimu ilinikuta nimelala. Ilikuwa kama saa nane za usiku, wiki ya kwanza ya Desemba, na matone yalipoanza kugonga bati nilivuta shuka nikajikunyata kwa raha, maana kwetu mvua ya usiku ni ya kulalia. Usingizi haujarudi sawasawa, mlango ukagongwa.

"Mwanangu, amka. Twende tukaangalie maji."

Mama alikuwa amesimama barazani, amejifunika kiroba kitupu kilichokunjwa kona, kichwani hadi mgongoni, tochi mkono mmoja na jembe mkono mwingine. Sikuuliza kitu. Nilivaa ndala, nikazivua baada ya hatua kumi kwa sababu tope lilikuwa linazinyonya, nikamfuata peku hadi juu ya shamba, kwenye ukuta wa jirani. Pale akasimama, akamulika chini, na nikaona jambo ambalo sikuwa nimelitazama hata siku moja, mimi niliyekulia kwenye mvua. Maji yalikuwa yanatoka chini ya geti la jirani, membamba kama utambi. Yakafika kwenye jiwe yakasita, yakazunguka, yakakutana na mengine yaliyotoka barabarani, yakapata nguvu na kuanza kubeba majani makavu na vinyesi vya mbuzi. Mama aliyafuata kwa tochi hatua kwa hatua. Yalipotaka kukimbia aliinama, akapiga jembe mara mbili tatu, akayafungulia njia kuelekea kwenye mashimo yetu.

"Mvua kila mtu anaiona," aliniambia bila kugeuka. "Wewe angalia maji yanakopita."

Nilikuwa nimekaa Ihumwa, Dodoma, wiki sita. Usiku ule ndipo nilipoelewa kwa nini wiki zote sita tulikuwa tunachimba.

Mimi ni mtoto wa kihamba. Nimezaliwa Old Moshi, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, ambako migomba inaipa kahawa kivuli na miti mirefu inaipa migomba kivuli, na ambako mababu walichimba mifongo kuyatoa maji mitoni na kuyapitisha ubavuni mwa mlima hadi mlangoni pa kila ukoo. Tunapata vuli na masika, na kwa mwaka mvua inapita milimita 1,000 bila shida. Nilisoma stashahada ya kilimo, nikafundishwa kilimo endelevu kwa picha ukutani, nikafaulu. Kilichonisumbua ni kwamba kwetu hata anayelima vibaya anavuna. Nikataka nikakae mahali ambapo kosa la mkulima halifichwi na mvua. Rafiki yangu wa chuo akanielekeza kwa mama mmoja Ihumwa, ndiye huyu ninayemwita Mama, mwenye ekari tatu, anayepokea kijana mmoja kila msimu. Unafanya kazi, unapewa kitanda na ugali, unajifunza. Karatasi za chuo zinamwita mtu kama huyo "mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo". Kiswahili kina neno lake tangu zamani, mwanagenzi, na ndivyo nilivyojiona.

Basi la kutoka Moshi linapita Arusha, Babati na Kondoa, na tangu lami ya Babati hadi Dodoma ikamilike safari yote ni ya mchana mmoja. Kuanzia Kondoa niliweka uso dirishani. Tulikuwa tumesoma darasani juu ya HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza mwaka 1973, na jinsi mwaka 1979 serikali ilivyoondoa mifugo yote kwenye milima iliyomomonyoka ya Kondoa ili nyasi na miti irudi. Makorongo bado yapo, mekundu, mengine yanaweza kumeza ng'ombe na mchungaji wake, lakini kingo zake zimeota miti. Mzee aliyekaa pembeni yangu aliona ninavyotazama.

"Unaiona hiyo miti?" aliniuliza. "Hiyo ni ng'ombe wa baba yangu."

Akaeleza kwamba walikuwa na ng'ombe wengi, wakawahamisha, wengine wakafia njiani, na baba yake hakuwahi kusamehe. Yeye mwenyewe hakusema kama amesamehe. Alisema tu kwamba sasa nyuki wamerudi, na anafuga nyuki.

Ihumwa iko mashariki ya jiji la Dodoma, kwenye barabara ya kwenda Morogoro. Ukishuka kwenye daladala unaona kwanza mambo makubwa: reli ya zamani na reli mpya ya SGR iliyoanza kufikisha abiria Dodoma Julai 2024, malori, barabara ya mzunguko wa nje ya kilomita 112 inayozunguka jiji zima, na jirani yake Mtumba, ulipo Mji wa Serikali wenye ofisi za wizara. Unatakiwa uache lami, ushuke na njia ya ng'ombe, uvuke kijito kikavu, ndipo uone Ihumwa nyingine ya mibuyu, migunga na mashamba ya uwele. Nilifika Oktoba. Upepo ulikuwa unavuma tangu asubuhi, na kisulisuli kimoja kilipita katikati ya uwanja kikiwa kimebeba mfuko wa plastiki na manyoya ya kuku, kikaingia kwa jirani bila hodi.

"Mbukwa!" alinisalimu mzee aliyekuwa anasuka kamba chini ya mti. Sikujua kuitikia. Nikasema shikamoo, akasema marahaba, akaniambia nikae kwanza nipumzike, salamu ya Kigogo nitaijua nikishazoea vumbi.

Chakula cha kwanza kilikuwa ugali wa uwele na mlenda, na nataka kukieleza vizuri kwa sababu kilinifundisha mengi kuliko nilivyotegemea. Ugali wa uwele una rangi ya majivu yenye ukijani kwa mbali, na harufu yake ni ya nafaka iliyokaangwa. Mlenda ulitoka kwenye kibuyu kilichoning'inia juu ya meko. Mama alitia mkono, akatoa majani makavu yaliyosagika kama ugoro, akayamwaga kwenye maji yanayochemka, akaongeza magadi kidogo na karanga za kutwanga. Dakika chache tu mboga ikawa tayari. Unamega tonge, unalibonyeza kidole gumba lipate kishimo, unachota, halafu kiganja unakizungusha ili kuukata uzi wa mlenda kabla haujafika kifuani. Mjukuu wa Mama, wa miaka saba, alinionyesha mara tatu jinsi ya kuzungusha.

"Hii ni ya Machi," alisema Mama. Alimaanisha majani yalichumwa Machi, shambani, mvua ilipokuwa bado ipo, yakaanikwa. Tulikuwa tunakula Machi mwezi wa kumi. Kwetu ndizi inakatwa leo inapikwa leo, na mtu akihifadhi chakula sana watu wanajiuliza ana nini. Huku mwaka mzima unategemea ulichokiweka. Dodoma mwaka wa kawaida inapata kati ya milimita 500 na 600 za mvua, karibu zote kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa miezi saba inayobaki mbingu imefungwa. Bibi yake Mama alikuwa msichana wakati wa Mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo ya miaka ya Vita ya Kwanza ya Dunia, ambapo majeshi ya Wazungu yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha ukame ukamalizia. Nyumba hii bado inamkumbuka bibi huyo kila kibuyu kinapojazwa.

Kesho yake nilipewa jembe na fimbo.

Mashimo tuliyokuwa tunachimba yanaitwa mashimo ya Chololo. Jina limetoka kijiji cha Chololo, hapahapa Dodoma, ambako mkulima mmoja aliyabuni. Shimo lina upana wa sentimita 22 na kina cha sentimita 30. Kutoka shimo hadi shimo ni sentimita 60, na kutoka mstari hadi mstari ni 90. Mimi nilikuwa na futikamba mfukoni. Mama alitumia mkono wake: upana ni shibiri moja, ukiupima unakuta ni zile 22, na fimbo aliikata alama mbili kwa panga. Mistari inakata mteremko, haiufuati. Udongo unaotoka unauweka upande wa chini uwe kama mdomo wa kukingia maji. Ndani unatia majivu, mchwa wasipapende, halafu viganja viwili vya samadi iliyooza vizuri na makapi, unafukia kidogo, unaacha nafasi maji yasimame. Mvua ikija unatia mbegu za uwele au mtama.

Ekari moja inachukua karibu mashimo 7,500. Nilipopiga hesabu hiyo jioni ya kwanza, viganja vyangu vikiwa vimeshavimba, nilimwendea Mama nikiwa na wazo la kukodi trekta la jirani. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanipeleka kwenye kipande cha shamba lisiloguswa, akamwagia kikombe cha maji juu ya udongo. Maji yalikaa juu, yakatafuta mteremko, yakaondoka. Akapiga kidole, na utando mgumu kama ukoko wa wali ukabanduka, mkavu kabisa upande wa chini. Tone la mvua linapiga vumbi laini, jua linalikausha, ukoko unajijenga. Wengi hapa wanalima kwa kuberega, yaani kukwangua juu tu kwa jembe na kupanda, na mvua ya milimita 500 inapotua juu ya ukoko ule, nyingi inakwenda zake korongoni. Trekta linavunja ukoko, ndiyo, lakini likigeuza udongo wote mara kwa mara linaacha vumbi la kutengeneza ukoko mwingine. Shimo linabaki mahali pake, na mwaka unaofuata unalisafisha tu. Hiyo samadi ya mwaka juzi bado imo humo.

Nilikuwa ninayajua haya kwa maneno ya mtihani. Sikuwa nimeyaona yakitokea ndani ya kikombe kimoja.

Na kuhusu matrekta, nchi hii ya kati ina kumbukumbu yake. Kongwa si mbali na Ihumwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza pale mradi wa karanga, wakitaka kulima zaidi ya ekari milioni tatu Tanganyika na nchi jirani ili Uingereza iliyotoka vitani ipate mafuta ya kula. Walileta mashine, hata matrekta yaliyotokana na vifaru vya vita. Mibuyu ikawashinda. Udongo wakati wa kiangazi ulikakamaa kiasi kwamba karanga hazikung'oleka, na mvua haikuja kwa ratiba ya London. Mwaka 1951 mradi ulifungwa, na hasara ilikuwa kama pauni milioni 36. Mwenye kuchimba mashimo ya shibiri moja Ihumwa ana haki ya kuifahamu habari hiyo, ajue kwamba kazi yake ndogo imesimama mahali ambapo kazi kubwa ililala. Nasema hivi kwa sababu vijana wengi tunaona aibu ya jembe. Mjukuu mkubwa wa Mama alikuwa anafuatilia habari za mashamba ya pamoja ya vijana, yale ya mpango wa serikali wa BBT yaliyozinduliwa Chinangali, Chamwino, Machi 2023, yenye umwagiliaji wa matone. Namwombea apate. Lakini maji ya matone hayatafika kila ekari tatu za nchi hii, na mtu wa ekari tatu lazima awe na la kufanya kesho asubuhi.

Tulitofautiana na Mama jambo moja kubwa, nalo lilikuwa mabua. Kitabu kinasema ukishavuna acha mabua yafunike udongo. Nilimwambia hivyo kwa ujasiri wote wa stashahada. Akaniuliza, "Na ng'ombe wa watu?" Nikasema tuweke uzio wa miiba.

Kwa Wagogo, shamba lililovunwa linafunguka. Mabua ni ya mifugo ya jirani kama yalivyo ya mifugo yako, na kumfungia mwenzako uzio wakati wa kiangazi ni neno zito. Mzee yule msuka kamba, ambaye ng'ombe wake ndio wangekuwa wa kwanza kuingia, ndiye aliyekuwa anampa Mama samadi ya zizi kila Septemba, mikokoteni kadhaa ya punda, bila malipo. Nilihesabu samadi ile ingegharimu nini kama ingenunuliwa, nikanyamaza. Na hata ukiwazuia ng'ombe wasiingie, mchwa watayamaliza mabua kabla ya Krismasi. Kwa hiyo Mama anagawa. Nusu anaiacha shambani kwa ajili ya ujirani. Nusu nyingine anaipandisha juu ya uchanja, mbuzi wanalishwa zizini kidogokidogo, na yote yanarudi kwenye shimo kwa njia ya zizi. Matandazo anayaweka sehemu moja tu, kwenye majaruba ya mchicha na mgagani nyuma ya jiko, yale yanayonyweshwa maji ya kuoshea vyombo. Darasani hatukufundishwa kwamba udongo una majirani.

Kwenye mpaka wa chini wa shamba kuna vichaka vilivyofungwa vitambaa vyekundu. Siku ya kwanza nilidhani ni mambo ya kienyeji, nikapita mbali. Kumbe ni kisiki hai. Unatafuta kisiki ambacho mizizi yake ingali hai chini, kimechipua machipukizi kumi au ishirini yanayogombania uhai. Unachagua machache yenye nguvu, mengine unayapogolea, unafunga kitambaa ili mchungaji aone kwamba kina mwenyewe, unakilinda. Njia hii ilienea kwanza Niger miaka ya 1980 kupitia Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, na huku Dodoma imesambazwa tangu 2018 na LEAD Foundation ya Mpwapwa wakishirikiana na Justdiggit ya Uholanzi. Kinachonifurahisha ni kwamba hakuna mche wa kununua wala ndoo ya maji ya kubeba, mti ulishakuwepo. Nilipogolea visiki thelathini na moja kwa wiki mbili, vingi vya mikole. Mzee alikuja na ng'ombe wake jioni moja, akaviona vitambaa vipya, akawapitisha ng'ombe kwa juu. Hakuna aliyemwambia.

Sasa ule ukuta wa jirani.

Mama alikuwa msichana mwaka 1973 ilipoamuliwa kwamba makao makuu yahamie Dodoma. Alikua, akaolewa, akazaa, akapata wajukuu, akisikia mji unakuja. Julai 2016 likatoka tangazo kwamba sasa serikali inahama kweli. Mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji, na 2019 ofisi za wizara zikafunguliwa Mtumba, jirani na Ihumwa. Wapima wakaja na vifaa vya miguu mitatu. Mashamba yakawa vitalu, vitalu vikawa viwanja, na bikoni za zege zikaota katikati ya mashina ya uwele. Wengine waliuza haraka, fedha ikaisha haraka. Wengine walijenga vizuri na hawajutii, na sioni kwa nini wajute. Shamba la juu ya Mama lilinunuliwa na mtu wa mjini aliyeweka ukuta, bati la rangi, na uwanja wote akaumwagia zege.

Msimu wa kwanza baada ya ukuta ule, mvua ilileta maji ambayo Mama hakuwahi kuyaona. Zege halinywi. Yalitoka getini kwa kasi, yakaungana na ya kalavati la barabara, yakachana shamba lake korongo la kufika magotini na kuzoa mbegu. Majirani walimshauri akashtaki. Alikwenda akabisha hodi, akakaribishwa chai. Walikubaliana kwamba tundu la kutolea maji lihamishwe hatua ishirini, liwe juu ya mashimo yake, na kuanzia pale akachimba mtaro unaokata mteremko. Nilipofika mimi, mtaro ule ulikuwa na misimu mitatu. Mistari sita ya kwanza chini yake ndiyo iliyokuwa na uwele mnene kuliko yote shambani, na mvua iliyoulisha ilikuwa imenyesha juu ya paa la mtu mwingine.

Ndiyo maana usiku ule wa Desemba tulikuwa pale na tochi.

Kulipokucha niliona kosa langu. Mashimo yetu yalikuwa yamejaa maji ya kahawia, kila moja na anga dogo ndani yake, isipokuwa mstari mmoja mrefu upande wa mashariki. Ule niliuchimba mwenyewe, siku ya pili, nikiwa peke yangu. Udongo niliuweka upande wa juu. Maji yalikuja, yakakuta mlango umefungwa, yakapita pembeni. Nilimuuliza Mama kama aliona wakati nachimba.

"Niliona," alisema. "Nikasema mvua itamwambia vizuri kuliko mimi."

Aliniachia mstari ule kama ulivyo. Tulipanda wote siku moja. Februari mvua ilikata, kama inavyokata Dodoma miaka mingi, na Mama akawa anachora mstari wa mkaa ukutani kila jioni isiyo na mvua. Ilipofika mistari kumi na tisa, mahindi ya mtu wa ng'ambo ya njia yalikuwa yamejisokota kama sigara, na uwele wa mashimo yetu ulikuwa unanyauka mchana na kusimama tena alfajiri. Nilikuwa naamka saa kumi na mbili kwenda kuutazama ukisimama. Mstari wa mashariki haukusimama. Nilichimbua shimo moja la mstari ule na moja la jirani yake. La kwanza lilikuwa vumbi hadi chini. La pili, nilipofika kwenye samadi, vidole vilitoka na ubaridi, na mzizi mweupe mmoja ulikuwa umejizungusha kwenye kipande cha kinyesi kilichooza kama umekikumbatia. Nilikaa pale chini muda mrefu, nimeushika udongo ule mkononi. Mvua ilirudi siku ya ishirini na tatu.

Machi mwishoni masuke yalipoanza kukomaa, kazi ikawa kuamia ndege. Kwelea kwelea wanakuja kwa wingi kama moshi, wakitua wanamaliza jasho la msimu kwa asubuhi chache. Zamani watoto ndio waliokuwa juu ya vilingo na makombeo yao tangu alfajiri. Siku hizi watoto wako shule, jambo jema, na kuamia kumebaki kwa wazee na kwa mwanagenzi. Tulifunga utepe wa kaseti za zamani kutoka nguzo hadi nguzo, upepo ukipita unavuma. Mzee alipiga debe. Mimi nilipiga makofi na kupiga kelele hadi sauti ikakauka. Msaidizi wetu mkubwa alikuwa reli: kila treni ilipopita, wingu lote la ndege liliruka kwa pamoja, likazunguka, na mara nyingine halikurudi kwetu.

Siku moja juu ya kilingo nilimuuliza Mama kama atauza. Dalali alikuwa ametoka kuondoka na pikipiki yake, mara ya nne mwezi ule. Alikaa kimya, akarusha jiwe, ndege wakaruka.

"Wanangu wakitaka, watauza nikishakufa," alisema. "Lakini atakayenunua nimwonyeshe maji yanakopita. Asije akajenga katikati."

Niliondoka Aprili, kabla ya mavuno. Mama alinifungia mlenda mkavu kwenye mfuko wa unga, na Mzee alinisindikiza hadi barabarani akinifundisha tena kuitikia salamu.

Nyumbani nilikuta masika yamekolea. Usiku wa tatu mvua ilishuka ya kweli, ile ya mlimani isiyo na haraka, na nyumba nzima ikajifunika blanketi. Nilichukua tochi na jembe nikatoka. Nilizunguka nyuma ya nyumba, nikapita chini ya migomba, nikatafuta. Maji yalikuwa mengi kuliko niliyowahi kuyaona Ihumwa kwa msimu mzima, na yote yalikuwa yanakimbia. Yalishuka kwenye njia ya miguu, yakachimbua mizizi ya mbuni mmoja wa zamani, yakaingia kwenye uchochoro wa jirani na kuteremka kusikojulikana, mekundu. Nimepita njia ile kwenda shule miaka yote ya utoto wangu.

Baba alitokea mlangoni na koti begani.

"Unatafuta nini huko?"

"Naangalia maji yanakopita, Baba."

Nilidhani ataniita ndani. Alikaa kimya kidogo, kisha akavaa mabuti, akaja hadi niliposimama. Akanichukulia tochi taratibu, akamulika chini ya migomba, akatembea hatua kama kumi akikwangua majani makavu kwa ncha ya buti hadi likatokea jiwe, halafu jingine, yamepangwa.

"Huu ulikuwa mfongo wa babu yako," alisema. "Ulipita hapa. Lete hilo jembe."